Vibaraka Wawili wa Fisi

Jumatatu, 5 Septemba 1955
Leo matarishi wawili wa mtemi wamemchapa baba. Kosa lake — mashina ya pamba hayajang'olewa shambani. Luhende alimshika mikono, Mwikwabe akachapa. Walimvua suruali mbele ya wakwe zake, waliokuwa wamemleta Boke, mtoto wa dada yangu. Kwetu mkwe hata kula mbele yako hali. Leo wamemwona baba hivyo! Waliondoka bila kuaga. Wale wawili nitawalipa. Naapa.

Alhamisi, 8 Septemba
Nimepata! Fimbo sina, darasa ninalo. Hedmasta Enoka anataka mchezo wa watoto kwa siku ya wazazi. Fisi ndiye mfalme, na ana vibaraka wawili. Wanapanda baiskeli moja, mmoja akisema mwenzake anarudia, kila mlango wanagongana. Luhende na Mwikwabe wenyewe kabisa. Mwishoni wanamchapa mzee asiye na hatia, Bunda yote iwaone walivyo. Mtu akichekwa na watoto hana pa kuuficha uso.

Jumanne, 13 Septemba
Mazoezi. Ajabu — hakuna anayetaka kuwa Sungura, shujaa wa mchezo. Wote wanagombea vibaraka! Niliuliza kwa nini. Susana akasema Sungura anajua kila kitu, anachosha. Wale wanaanguka, wanainuka, wanalaumiana, na bado hawaachani. Mimi mwenyewe nilicheka, kisha nikakasirika kwa kucheka. Haya, wacheke. Ndicho ninachotaka.

Jumamosi, 17 Septemba
Siku ya wazazi. Wale wawili walikuja, wakapewa viti vya mbele. Baba nilimbembeleza mpaka akatoka nyumbani, aone wanavyoumbuliwa. Wakwe pia niliwaita mwenyewe.

Vibaraka walipoanguka na baiskeli, watu walishika mbavu. Mwikwabe akampiga Luhende begani, akamwambia, "Yule ni wewe!" Walicheka hadi machozi. Kisha ikafika zamu ya mzee. Nilingoja watu wanyamaze. Hawakunyamaza. Kila fimbo kicheko, mzee akiruka kicheko. Wakwe nao walicheka, mkono mdomoni. Sikuthubutu kugeuka kumtazama baba.

Baadaye Luhende akaja kunipa mkono.

"Ticha, umetuweza kweli. Ila mimi nilikuwaga nashika kwa nguvu zaidi. Yule mtoto umufundishe."

Haya hana hata chembe! Watoto wakawakimbilia, wakawashika mikono, wakawasindikiza mpaka barabarani. Nawachukia kuliko siku ile. Na sasa wanapendwa.

Jumapili, 18 Septemba
Sikwenda kanisani. Nimeshinda nikiwaza mchezo mwingine, usio na kicheko hata kimoja. Safari hii walie.

Baba amekaa uani kwenye kigoda. Tangu jana chakula ninachompelekea hajakigusa. Boke amekuja na wenzake wawili na kijiti. Wamekwisha kugawana, nani Mwikwabe, nani Luhende. Boke ndiye Fisi. Wamekosa mzee. Nawasikia kutoka dirishani.

"Babu, lala basi. Hatuchapi kwa nguvu."

Baba hamtazami mtoto. Ananitazama mimi. Nataka kutoka nimnyang'anye Boke kile kijiti, lakini bado nimekaa na kalamu mkononi. Baba ameweka mikono magotini, anajisogeza mbele ya kigoda. Wale watoto wameanza kucheka kabla hata hajafika chini —