Binti yangu anatutafsiria uongo, nimrudishe Bukavu?

Maman Mélanie mpendwa, naomba unisikilize kabla sijampandisha mtu ndege. Sisi ni watu wa Muhumba, hapo Bukavu, mwaka jana tulihamia Finlandi katika mji unaoitwa Turku, mimi na mume wangu Delphin na binti zetu wawili, Chancelle wa miaka kumi na minne na Maombi mdogo wake, na mume wangu, ambaye Bukavu alikuwa mwalimu wa Kifaransa na kusalimiwa njia nzima, alituhakikishia kwamba mzungu ni mzungu na Kifaransa kitatufikisha popote, basi kimetufikisha mlangoni mwa uwanja wa ndege, kutoka hapo tumekuwa mabubu, na Chancelle aliyekishika Kifini haraka shuleni ndiye mdomo wetu.

Siku za kwanza jirani alikuja kutueleza jambo, Chancelle akasema tumepewa zamu ya kukaa uchi kwenye chumba cha moto kila Ijumaa, mume wangu akadhani ni adhabu, akaanza kuomba msamaha kwa Kifaransa, kumbe ni kweli, wanaiita sauna, jengo zima wana zamu, na nadhani hilo ndilo jambo la mwisho la kweli mtoto huyu alilotutafsiria. Ofisi ya nyumba niliomba jiko kubwa, yeye akaongea nao muda mrefu akitabasamu, tukapata jiko ambalo ukigeuka unagonga ukuta, na yeye akapata chumba cha peke yake chenye balkoni. Shuleni mwalimu wake alisema maneno mengi akiwa amekunja uso, Chancelle akatugeukia: «Anasema niko najikaza sana, na anabashukuru juu ya kunilea muzuri.» Mume wangu akasimama, akamshika mwalimu mkono na kumtolea hotuba. Baadaye Hervé, Mkongomani mwenzetu, akatuambia kwamba saa za masomo anamkuta binti yetu anazunguka madukani na rafiki zake.

Sasa amebadilisha mbinu, na hilo ndilo linanikosesha raha. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali kwa sababu ya kauvimbe kwenye titi, wakataka kuniletea mkalimani wa Kiswahili, na unajua ni nani, Maman Domitille wa Kadutu tunayeimba naye kwaya hapa, nikakataa katakata, kabla sijafunga vifungo vya blauzi habari ingekuwa imeshafika Muhumba, daktari hakupenda lakini nikang'ang'ania binti yangu. Wakanichoma sindano ya kuchukua kipimo, wakatuita tena kwa majibu, daktari akaongea polepole sana, Chancelle akanigeukia, akasema, «Haiko kitu, maman. Upumuzike tu, batatuita tena.» Tangu siku hiyo amegeuka malaika, anaosha vyombo bila kutumwa, shule ikiisha anarudi nyumbani moja kwa moja, simu yangu ikilia anaikimbilia na kujifungia nayo bafuni, bila shaka kuna mvulana, na juzi ameniomba nimfundishe kupika sombe na kusuka nywele za Maombi, eti «nijue tu, maman». Mimi si mjinga. Amenusa kwamba nataka kumrudisha kwa mama yangu huko Nguba, ndiyo maana anajipendekeza. Nishauri, nimrudishe Noeli hii au ningoje mwaka wa shule uishe?

Mama Aliyepinduliwa, Turku

MAMAN MÉLANIE ANAJIBU

Mama Aliyepinduliwa, pole. Lakini nani kakupindua? Ulimpa mtoto kiti mwenyewe, ukampa na ufunguo wa ofisi, leo unashangaa kwamba amekaa. Na dawa uliyoipata ni kumleta Bukavu, mahali ambapo nusu ya wanaoniandikia wananiuliza njia ya kutoka! Mama yako wa Nguba amekukosea nini?

Papa Delphin namheshimu, walimu wametulea. Ila mwambie subjonctif yake ya Kifaransa airudishe kwenye sanduku, akae darasani na wanafunzi wenzake, ajifunze kuomba chumvi kwa Kifini. Nawe ukae kando yake. Utoro wa shule ni kosa, mnyang'anye simu na umpe adhabu kama mzazi yeyote. Chumba chenye balkoni, samahani, hapo nimecheka. Mtoto huyo atatufaa kwenye serikali.

Sasa nitaacha kucheka, nawe kaa chini. Umejaza barua kwa hasira juu ya jiko na balkoni, na hospitali ukaipitia mbio kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai. Hebu tufikiri pamoja. Chancelle akidanganya, anapata kitu: chumba, matembezi, sifa za mwalimu. Uongo huu wa hospitali umempatia nini? Vyombo vya kuosha. Na huyo mvulana wako wa bafuni, tangu lini mvulana akamtuma msichana kujifunza kusuka nywele za mdogo wake? Mimi si daktari, niko mbali, sijui uliambiwa nini siku ile, na inawezekana ni jambo la kutibika kabisa. Lakini binti yako anajua, na ninavyomsoma hajipendekezi kwako. Anajifunza kazi zako.

Uliogopa mdomo wa Domitille, ukambebesha mtoto neno ambalo hata papa yake angelibeba kwa shida. Nakukasirikia kwa hilo, na nakuonea huruma vilevile.

Kesho asubuhi piga simu hospitali, hata kama Kifini chako chote ni jina lako na neno Swahili. Omba mkalimani. Humtaki Domitille, sema humtaki, uliza kama yuko wa mji mwingine kwa simu. Akikosekana, mchukue Domitille, kazi yake inamkataza kusema, na akisema basi kwaya nzima ikuombee. Mumeo aingie nawe kwa daktari. Chancelle aende shule, asikanyage chumba hicho tena. Mambo ya ndege yafute, na miadi uliyopewa usiiruke hata mara moja.

Lakini hayo ni ya kesho. Leo, ukimaliza kusoma hapa, nenda chumbani kwake. Usimuulize kwa nini alidanganya. Mwambie unajua kuna jambo, na kuanzia sasa jambo hilo ni lako wewe na papa yake, yeye amemaliza. Atalia, na pengine kwa muda mrefu, maana ameyazuia machozi tangu siku ile. Mpakate, hata kama miguu yake inagusa chini.