Swichi Inayojikata Nyumbani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Leo mama mkwe kaniita. Hakumwita bintiye — kaniita mimi! Wakwe wengine huitwa kusalimia. Mimi huitwa kuokoa.

Shida: swichi ya usalama kwenye boksi la umeme inajikata ovyo, hasa asubuhi, na nyumba nzima inazimika. Na kule chumba cha nyuma kuna mashine ya kutotolea mayai, kaijaza pomoni. Ndiyo kazi yake ya kwanza tangu baba mkwe atutoke. Mayai yakipoa kila siku, vifaranga vitafia ndani ya ganda, na vinatarajiwa kutoboa mwisho wa wiki hii.

“Baba, nimewatangazia majirani wote,” kasema. “Yakiviza, uso wangu nitauweka wapi?”

Nikamwambia, mama, lala usingizi, Waya Moto yupo. (Jina hilo nilijipa mwenyewe. Ukingoja watu wakupe jina zuri utazikwa bila jina.)

Nikachomoa kila kitu. Nikarudisha kimoja kimoja: friji, pasi, televisheni, mashine ya mayai. Swichi ikatulia kama bwana harusi mbele ya wazee. Nikanywa soda mbili. Nikasifiwa. Nikaondoka kwa madaha!

Jumanne, 5 Machi

Imejikata tena. Asubuhi. Sina la kuandika.

Jumatano, 6 Machi

Siku nzima kwa mama mkwe. Shule niliiacha mapema, lakini umeme nimeusoma kwa vidole, na vidole havisahau. Swichi ile ni kama mama anayehesabu watoto: waliotoka wote lazima warudi. Umeme ukienda usiporudi wote, maana yake umevuja njiani, na mama anafunga mlango. Hana ubaya. Anajua kuhesabu tu.

Nimepima kila kifaa. Friji linavuja kidogo. Mashine ya mayai kidogo. Si kosa, vifaa vyote vina jasho lao. Hata vikiwashwa pamoja havifiki pa kuikata swichi. Basi kuna kingine kinachoongezea. Kipi? Nimekagua nyumba nzima!

Sawa — nzima kasoro chumba cha kulala cha mama mkwe. Mkwe gani mwenye haya anaingia mle? Nikauliza nikiwa ukumbini, nimeelekeza macho darini: “Na humo ndani, mama, kuna kifaa chochote?”

“Taa tu, baba. Taa tu.”

Kajibu haraka kweli.

Akafika mwanyumba wangu, yule dereva wa lori aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Kaegemea ukuta, njiti mdomoni. Eti swichi hiyo ni ya kuiruka tu, unganisha waya moja kwa moja. Eti yeye huendesha bila mkanda na hajafa.

“Hujafa kwa sababu hata kifo kinaogopa kupanda lori lako,” nikamwambia. Mama mkwe kacheka mpaka kashika mlango. Dereva hakucheka.

Alhamisi, 7 Machi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Nimefika, mashine inanguruma, mayai ya moto, mama anatabasamu. Nafungua boksi — kipande cha waya! Dereva kaja jana jioni nilipoondoka, kairuka swichi. Nyumba nzima inakwenda bila mlinzi.

“Si inafanya kazi?” kaniambia kwenye simu. “Wewe siku tatu unapapasa ukuta, mimi dakika moja.”

Nikamuuliza mama kama ameona lolote la ajabu. Kasita. Kasema asubuhi alihisi kama siafu mkononi, mpaka kwenye kiwiko.

“Ulishika nini, mama?”

“Kitu.”

“Kitu gani?”

“Kitu tu, baba. Kimeshapita.”

Nimeng'oa waya palepale. Mama kaanza kulia, mayai yangu, mayai yangu. Nikamwambia mayai yatatagwa mengine, mama mkwe wa pili nitamtoa wapi? Kafuta machozi kwa kanga. Nikarudisha swichi, nikaomba aniruhusu nije kesho mapema, kabla hajaamka.

Mimi, niliyezoea kuamshwa na jua la saa tatu!

Ijumaa, 8 Machi

NIMEIPATA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu hakuna pengine pa kupiga kelele. Sababu inakuja.

Nilikaa kimya kwenye boksi, nimebana mita ya kupimia umeme unaovuja kwenye nyaya, laini moja baada ya nyingine. Zote tulivu. Nikahamia laini ya chumbani kwa mama mkwe. Tulivu… tulivu… halafu namba zikaanza kupanda kama mbuzi kwenye mlima. Friji likawaka, mashine ikawaka — pwaa! Swichi chini.

Taa tu, eh?

Nikasimama mbele ya mlango ule. Mimi Waya Moto, niliyepanda nguzo kwenye mvua na mluzi mdomoni, leo nimeshindwa kuinua kidole kubisha. Nikafikiria mayai. Nikafikiria wale siafu.

“Hodi, mama.”

Kutoka ndani: “Uko peke yako?”

“Peke yangu.”

“Basi ingia. Usiangalie kitanda, sijatandika.”

Birika la umeme. Kuukuu, la bati, liko juu ya stuli pembeni mwa kitanda. Na vikombe viwili.

Kaeleza akiangalia dirishani. Baba mkwe alikuwa akichemsha chai palepale kila asubuhi, wanakunywa kabla ya kuongea na mtu mwingine yeyote duniani. Mabinti walimkataza birika chumbani, wakisema ataunguza nyumba. Wakafikiri limetupwa. “Wakijua watanichukua nikakae kwao,” kasema. “Niwekwe kwenye kochi kama mto. Usiwaambie, baba. Wala mkeo.”

Nikaapa. Kisha kanimiminia chai kwenye kile kikombe cha pili. Ilikuwa vuguvugu, umeme ulishakatika. Niliimaliza yote.

Nimelichukua birika. Koili yake, ule waya wa ndani unaochemsha maji, imetoboka. Nikipata nyingine, litapona. Na soketi yake nitaifunga upya.

Jumamosi, 9 Machi

Swichi haijajikata! Mama kapiga simu anapiga vigelegele: yai la kwanza limepasuka, mdomo unaonekana! Majirani wamejaa chumba cha nyuma.

Na Dereva yupo huko, namsikia kwenye simu. Anawaambia watu kwamba ameponya nyumba kwa kulipiga boksi ngumi. NGUMI! Nilipomuuliza mke wangu basi chanzo kilikuwa nini, kaniangalia kwa huruma huku akivaa viatu kwenda kuviona vifaranga. Kasema si vibaya kushindwa mara moja, mume wangu. Nimemeza. Tumbo limejaa maneno mpaka mkanda unabana.

Koili nimeipata. Nimelifungua birika hapa mezani, kazi tamu, na watoto wako nje wanacheza. Nyumba yote yangu mpaka jioni —

Mlango.

Kumbe mke wangu karudi mapema kutoka kwa mama yake kunihadithia vifaranga. Yuko hapa mbele yangu, viatu bado mguuni. Anatazama birika. Ananitazama mimi. Sasa kaligusa mpini.

“Hili si la baba?”

Najifanya naandika hesabu za kazi. Anangoja nijibu.