Ile Bendi ya Kinyozi

Wewe, usinipigie! Niko kwa kinyozi, nimeumbuka.

Nilikuwa nabishana naye kuhusu ile bendi anayoiabudu. Nikamwambia inasifiwa bure, kelele tupu. Kelele tupu, mwenzangu, mbele ya wateja wote!

Mara redio ikapiga wimbo mtamu, nikafumba macho kabisa. Nikasema, "Sikia, huu sasa ndio muziki. Hao wako waje wajifunze hapa."

Kinyozi akazima mashine. Mtangazaji akataja bendi. Ile ile!

Watu hawana mbavu. Mzee mmoja kanipa pole kama nimefiwa.

Ningetoroka, ila nimenyolewa upande mmoja. Kinyozi kagoma kugusa wa pili mpaka niimbe kiitikio.

Nimeimba. Kumbe nakijua chote.