Tullio, Shule ya Kilimani na Mimi Mgombea

Jumamosi, 6 Mei

Nimepata neno la mwisho! Mimi!

Leo asubuhi iliamuliwa nani afunge kampeni ya umeya Ijumaa pale uwanjani. Vijiti viwili ndani ya kofia ya polisi wa manispaa, kama desturi. Daktari Ottavio — mfamasia wetu, mpinzani wangu — akachomoa kifupi. Mimi kirefu. Akanipa mkono na kusema hongera Mwalimu, huku uso umemvimba.

Ana haki ya kuvimba. Anayesema mwisho hajibiwi! Kengele ya kanisa ikilia saa moja jioni, basi. Jumamosi sheria inakataza mgombea hata kukohoa kisiasa, Jumapili watu wanapiga kura.

Wifi yangu Ersilia alinibusu mashavu yote mawili mbele ya watu. Anaendesha kampeni yangu kama anavyoendesha duka lake la mikate: kelele nyingi, unga kila mahali. Eti nikishindwa kwa bahati kama hii, nirudi kusahihisha Kilatini mpaka nife.

Halafu tukaenda kushika kidole cha mguu cha sanamu ya Tullio. Lazima. Hapa Montefalvo hakuna anayefanya mtihani, anayeoa au anayegombea bila kushika kidole kile cha shaba, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Dunia inamwita Cicero, msemaji mkuu wa Roma ya kale. Kwetu ni Tullio tu, mtoto wa milima hii, aliyekwenda Roma akawa mkubwa na akauawa kwa kutojua kufunga mdomo. Miaka elfu mbili kaburini na bado yumo kwenye mabango ya pande zote mbili! Langu: "Tullio kwa Wote." La Ottavio: "Tullio na Maendeleo." Aibu tupu. Nimecheka njia nzima.

Jumatatu, 8 Mei

Soko zima lilikuwa langu leo! Sauti imekauka, miguu imevimba, na nina raha kama msichana wa miaka ishirini. Nina sitini na mmoja.

Ni shule, bila shaka. Shule ya kilimani. Tangu tetemeko la ardhi imefungwa, na watoto wetu wanapanda basi kushuka bondeni alfajiri, wanarudi wamelala vitini. Mimi nimeahidi kuifungua Septemba. Kila mama sokoni amenishika mkono. Muuza jibini kanifungia kipande bure, nikakataa, akaninunia, nikachukua.

Nilipanda juu ya kreti la mbogamboga nikawapa Tullio kidogo. Kwamba jamhuri ni mali ya watu, si mali ya aliyekalia kiti. Na watu si kundi lolote lililokusanyika kama kondoo, ni watu waliokubaliana kuhusu haki na faida ya wote. Basi shule ile ni yenu! Wakapiga makofi. Nilitarajia wapige miayo!

Ottavio naye kasema baa kwamba shule ile imekufa, tusahau, pale pajengwe maegesho ya magari ya watalii. Wamemzomea mpaka kaacha kahawa yake mezani. Ersilia kaniigizia alivyotoka. Nimecheka hadi machozi.

Tunashinda. Naliandika hapa kwa sababu kusema kwa sauti ni mkosi. Tunashinda!

Jumatano, 10 Mei

Mungu wangu.

Quirino alikuja shuleni ninakofundisha sasa, baada ya kipindi. Mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mhandisi, na yumo kwenye orodha yangu ya wagombea udiwani. Halmashauri inayomaliza muda ilimpa kazi ya kupima nguzo za shule ya kilimani. Akasema njoo uone kitu, Mwalimu. Hakunitazama usoni.

Tukaingia. Darasa langu la kwanza kabisa! Ramani bado ukutani. Walikuwa wametoboa nguzo na kutoa kipande cha zege, cha duara, urefu wa kiganja. Quirino akanipa mkononi na kusema nikibane.

Nikabana. Kikavunjika kama biskuti. Kwa vidole vyangu hivi vya kushika chaki!

Nguzo zote ziko hivyo. Zilikuwa hivyo hata kabla ya tetemeko, mchanga mwingi, saruji kidogo. Na sisi tulifundisha humo miaka yote ile. Haifunguliki, kasema. Si Septemba, si kamwe. Ni kubomoa. Majibu rasmi yanatoka wiki ijayo, baada ya kura.

Nikamuuliza nani mwingine anajua. Hakuna. Kisha akasema polepole kwamba mimi sina haja ya kudanganya mtu. Ninyamaze tu siku mbili.

Nilimfundisha mwenyewe, mtoto yule. Nilimpa alama za juu.

Alhamisi, 11 Mei

Nimemwambia Ersilia. Alikuwa anatoa mikate ya mbegu za anisi kwenye tanuri. Akaziba masikio kwa mikono yenye unga.

"Sikusikia kitu!"

"Umesikia, wifi."

"Sasa nisikilize na wewe. Ukishinda, utajenga shule mpya. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Palepale kilimani. Ukishindwa, Ottavio anamwaga lami, watoto wanapanda basi mpaka waote ndevu. Sasa niambie, huo ukweli wako unamsaidia mtoto gani?"

Swali lake ni la haki! Hilo ndilo linaloniudhi. Ana akili, mwanamke huyu, kuliko nusu ya walimu wenzangu. Nilitoka dukani nimekubali. Kabisa. Nilitembea nikijiambia kwamba mwanasiasa ana wajibu kwa nchi yake kwanza, na hilo nalo ni la Tullio.

Kisha darasani. Kila mwaka mwezi huu nawapa wanafunzi swali lilelile. Mtu anauza gari kuukuu. Anajua breki ni mbovu. Mnunuzi haulizi. Aseme au asiseme? Kila mwaka mikono mingi inasema aseme. Mwaka huu — karibu wote asiseme! Eti mnunuzi angeuliza mwenyewe. Eti kunyamaza si kudanganya. Eti huyo muuzaji labda ana watoto.

Nikawaka. Nilipiga meza mpaka kikombe cha kalamu kikaanguka. Nikawaambia kuficha unachokijua ili ufaidike na mwenzako asiyejua ndiyo kazi yenyewe ya tapeli! Kwamba Tullio alimwandikia mwanawe hivyo, si kwa mapambo. Kwamba hakuna jambo la aibu ambalo pia ni la faida, na anayeona mawili hayo yanapigana kapiga hesabu vibaya! Kwamba siku ya —

Nikaketi katikati ya sentensi. Walidhani naumwa. Mmoja alifungua dirisha.

Ijumaa, 12 Mei — mchana

Ersilia kaniletea gauni lililopigwa pasi na hotuba mpya. Humo shule imetajwa mara moja tu, kijanja: "Shule yetu ya kilimani haitasahaulika." Si uongo! Hata neno moja! Ni fundi kweli.

Nimeikunja nikaiweka mfukoni. Uwanja unajaa. Kutoka dirishani nasikia watu wa bondeni wameleta ngoma. Kwa Mwalimu wa Kilatini, ngoma!

Ijumaa, 12 Mei — jioni

Nimesema.

Naandika nimesimama. Si woga. Ni kama nimetoka kuogelea maji ya baridi na kila kitu kinachoma na mimi nataka kukimbia!

Ottavio alianza. Akarudia maegesho yake, wakamzomea, mwenye ngoma akampigia mdundo wa mazishi. Maskini wa Mungu alimaliza mapema. Kisha mimi nikatokeza kwenye roshani ya manispaa. "Mwa-li-mu! Mwa-li-mu!" Nilipenda. Niseme ukweli, nilipenda sana. Ningeweza kusimama pale bila kusema neno hata moja mpaka kengele ilie, na Jumatatu ningekuwa meya.

Hotuba ilikuwa mkononi. Nikafika kwenye ile sentensi ya kijanja na mdomo ukakataa.

Nikasema shule haitafunguliwa. Nikasema nimeshika zege lake likavunjika. Niliwaahidi bila kujua, na tangu Jumatano najua. Nitajitahidi kujenga nyingine, na sijui itachukua muda gani. Msinichagulie kitu ambacho sina.

Mwanaume mmoja: "Ungetuambia jana!" Ana haki. Mwingine: "Muongo!" Mama mmoja niliyemfundisha alifunika uso kwa shali akaondoka. Ngoma haikulia tena. Ersilia, pale chini ya ngazi, alikaa chini kwenye vumbi na gauni lake zuri.

Kengele.

Ottavio alinifuata kwenye ngazi, uso umempauka. Akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akasema: "Mimi nilikuwa nabahatisha tu. Nilitaka maegesho."

Nilicheka! Mbele yake! Na yeye akacheka.

Jumamosi, 13 Mei

Siku ya kimya. Ersilia ameichukulia kwa uzito — kaniuzia mkate bila kuinua macho, kama mgeni. Kaka yangu alijaribu kututania, akarushiwa kitambaa cha mezani.

Quirino kapiga simu. Kasema ana aibu. Nikamwambia aje kula Jumanne, tukiwa tumeshinda au tumeshindwa.

Jumapili, 14 Mei

Nimepiga kura. Penseli yangu ilikuwa butu. Watu wanakunja karatasi na kunitazama, siwezi kusoma uso wowote. Ersilia alipita foleni ya pili, kidevu juu. Hakunisalimu.

Jumatatu, 15 Mei

Naandika koridoni, kwenye benchi la manispaa, mwandiko unaruka. Msimamizi wa kituo, Mirella, ameomba dakika chache. Ndani wanabishana hadi vioo vinatetemeka.

Nilidhani nitasagwa. Sikusagwa! Tangu karatasi ya kwanza tunakwenda bega kwa bega, Ottavio, mimi, Ottavio, mimi. Kila Mirella akifungua karatasi, moyo unaruka. Watu wamejaa mpaka madirishani. Karatasi zimekwisha na Ottavio ananizidi kwa kura moja.

Moja! Na imebaki moja kando, yenye ubishi.

Alama ya msalaba iko kwenye orodha yangu ya wagombea, safi. Lakini chini yake mtu ameandika. Mirella alisoma kwa sauti: "Nimekukasirikia sana, lakini ulisema kweli."

Kura yenye maandishi imeharibika. Kila mtoto wa somo la uraia anajua, nimelifundisha mwenyewe. Ikihesabiwa, tuko sawa, na uchaguzi unarudiwa baada ya wiki mbili. Isipohesabiwa, nimeshindwa leo.

Ottavio ndiye aliyesimama. Ottavio! Akasema ihesabiwe, kila mwenye macho anaona huyu alitaka nini, yeye hataki umeya wa namna hiyo. Watu wakampigia makofi kwa mara ya kwanza tangu kampeni ianze. Mirella kasema sheria ni sheria, lakini wagombea wote wawili wasipopinga, ataiandika halali, na hakuna atakayeuliza. Wote wakanigeukia.

Niliomba niione karatasi kwanza.

Sheria inakataza maandishi ili mgombea asijue nani kampigia. Na mimi nimejua. Ile R yenye mkia mrefu naiona kila asubuhi kwenye vibao vya bei, juu ya mikate ya anisi. Amenuna siku tatu bila kunisemesha, mjinga wangu mpenzi, akashindwa kuvumilia mpaka Jumatatu.

Yuko ndani sasa hivi. Yeye ndiye anayepiga kelele kuliko wote kwamba ihesabiwe. Masikio yamemwiva mekundu, na hajui kwamba najua.

Mirella amefungua mlango. "Haya, Mwalimu. Daktari hapingi. Na wewe je?"

Nyuma ya bega lake Ersilia amejipenyeza. Ananitazama. Ameona kalamu mkononi mwangu, ameona uso wangu, amejua kwamba najua na kwamba nitapinga, na mikono yenye unga imepanda polepole kuziba mdomo —