Karatasi Kumi na Nne

Jumatatu, 6 Julai 1998

Wiki ya tatu ya fildi. Leo nilijiona msomi kweli. Vijana kumi na wanne walikuja kwenye banda la kigango, na Benno, mmoja wao na kiongozi wa kikundi chao, akawapanga wenzake mwenyewe kwenye mabenchi. Nikafanya zoezi la karatasi kama mwongozo wa chuo unavyosema. Kila mmoja aandike, bila kuweka jina lake, kitu kimoja kinachowarudisha nyuma vijana wa kijiji hiki, kisha aitumbukize kwenye kofia. Nikawaahidi mara mbili: hakuna atakayejua nani kaandika nini.

Waliandika upesi mno. Wengine walifunika kwa mkono kama wako kwenye mtihani.

Nimezifungua baada ya chakula. Kumi na moja zina jina moja tu. Walburga. Nyingine, Bibi Walburga. Nyingine, Walburga mchawi.

Bibi Walburga ndiye mwenye nyumba hii ninamolala! Yuko hapo nje sasa hivi, anageuza usipa, dagaa wa huku, kwenye kichanja na kufukuza kunguru.

Jumanne, 7 Julai

Nimezisoma tena, labda nilikosea. Sikukosea. Zilizobaki ni tatu. "Mitaji." "Hakuna kazi." Na ya tatu: "Joakim alikuwa amelewa. Chupa ilikuwa ndani ya mtumbwi."

Joakim alikuwa mdogo wake Benno. Mwezi wa tano walikwenda kuvua wawili, upepo wa mwera ukawapindua. Benno alirudi ameng'ang'ania mtumbwi. Joakim aliokotwa siku ya tatu. Na asubuhi ile Bibi alikuwa amewaambia wasiende, upepo unageuka. Tangu hapo kijiji kina swali moja: alijuaje?

Amekaa ufukweni hapa miaka sitini. Ndivyo alivyojua.

Mjinga ni mimi. Kwetu mlimani, nikiwa darasa la sita, walipiga kura ya siri kumtaja mchawi. Vikaratasi vya daftari hivihivi, bila jina la mwandishi, na kofia. Mzee aliyetajwa alibomolewa nyumba siku ileile, mibuni yake ikakatwa yote. Niliona kwa macho yangu. Halafu nimesoma miaka miwili, shahada ya kazi za vijana na uongozi wa jamii, nikaja hapa na kofia mkononi. Sikukumbuka kabisa. Kichwa kilikuwa kimejaa vishale vya michoro ya ubaoni chuoni.

Alhamisi, 9 Julai

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Wendelin, ameniita ofisini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anacheka. Ananipongeza! Anasema wameomba kura ya kumtaja mchawi tangu msiba, wakubwa wanawazungusha, na mimi nimeifanya kwa asubuhi moja. Nikamwambia, Mzee, ile haikuwa kura, lilikuwa zoezi la chuo. Akasema jina lolote nitakaloipa ni sawa tu.

Mkutano wa hadhara ni Jumatano saa nane mchana. Nilete karatasi zote, zisomwe mbele ya watu. Benno alikuwa mlangoni, ameitwa kama shahidi wa zoezi. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Na Jumatano hiyohiyo mkufunzi wangu, Bwana Lusekelo, anafika kunipima. Mwongozo unataka matokeo yarudishwe kwa wananchi. Nikisema karatasi zimepotea, nimefeli fildi, na nikifeli fildi shahada imekwenda. Baba anachuma kahawa peke yake mwaka huu ili mimi nisome.

Halafu nikajionea aibu. Mtu anaweza kuchomewa nyumba, mimi nawaza maksi.

Jumamosi, 11 Julai

Chakula hakipiti. Nimewaza polisi wa Mbamba Bay. Nitawaambia nini, kwamba kuna karatasi? Hakuna kosa lililotendeka bado. Nimewaza kumpandisha Bibi gari la Mbinga, akakae kwa mama yangu. Lakini akiondoka kabla ya mkutano watasema si mnaona, kakimbia.

Leo ameniuliza, bila kuinua macho kwenye samaki wake:

"Mjukuu wangu, nasikia mmepiga kura. Na mimi nimo?"

"Hapana, Bibi. Ni mambo ya vijana tu."

"Basi mbona huli?"

Akanisogezea ugali. Akaniambia siku hizi anakwenda kuchota maji mapema, maana wenzake wakimwona wananyamaza, na yeye hapendi kuwakatisha watu mazungumzo. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo. Sijawahi kuogopa hivi.

Jumapili, 12 Julai

Misa. Benchi letu, mimi na Bibi tu. Benno hakwenda kukomunika.

Jumanne, 14 Julai

Nimepata njia. Kila kijana anaijua karatasi yake peke yake. Nikizibadilisha zile kumi na moja, kila mmoja atajua kwamba yake haikusomwa. Lakini ili anishtaki itabidi asimame mbele ya watu aseme, mimi nilimwandika bibi huyu. Nani atathubutu? Siri niliyowaahidi ndiyo itakayowafunga mdomo.

Nimeandika asubuhi yote, kalamu mbili, nyingine nimeandika kwa mkono wa kushoto. Pombe. Nyavu mbovu. Shule iko mbali. Zile tatu nimeziacha kama zilivyo. Ile ya chupa ndiyo itakayomwokoa Bibi, watu wajue Joakim aliponzwa na nini.

Zenye jina lake nimezitia motoni jikoni. Bibi mwenyewe akaja akabandika sufuria juu yake.

Jumatano, 15 Julai

Naandika hapahapa mkutanoni. Wanadhani ni muhtasari. Bwana Lusekelo yuko kulia kwangu, anaitikia kwa kichwa kila kitu. Bibi yuko upande wa akina mama, peke yake kwenye mkeka wake.

Mzee Wendelin anasoma. Pombe. Nyavu mbovu. Hii ya pili ameigeuza akaangalia nyuma. Mitaji. Shule iko mbali. Watu wanaguna. Ameshasoma tisa, uso umemkunjamana. Vijana wanatazamana. Hakuna aliyesimama. Hakuna!

Ya kumi. Ya kumi na moja hii anaisoma polepole. Joakim alikuwa amelewa. Chupa ilikuwa ndani ya mtumbwi.



Mtumbwini walikuwa wawili.

Mungu wangu. Walikuwa wawili tu. Siku tisa nimemwaza Bibi, huyu aliyerudi hai sikumwaza hata dakika moja. Na niliwaahidi mara mbili.

Wote wamemgeukia Benno. Mama yake ameweka mikono kichwani. Mzee Wendelin anainua karatasi, anamwuliza, hii ni yako? Benno hamtazami. Ananitazama mimi.

Bwana Lusekelo ananinong'oneza niendelee kuandika, huu ndio ushirikishwaji wenyewe.

Benno amesimama. Vijana waliokuwa pembeni yake wamesogea, amebaki peke yake kwenye benchi zima. Bibi Walburga anakunja mkeka wake. Ameinuka. Anakwenda upande wa Benno, na watu wanampisha. Ameketi kwenye benchi lile, karibu naye.