Daku ya Radjabu

Berthe, nakuandikia mbio. Niko inje ya bloc, chumba ya operesheni. Radjabu wangu iko ndani, wamemulalisha na dawa juu ya kumutosha meno zenye kuoza.

Docta aliniuliza: «Alikula kitu tangu usiku?» Mimi na majivuno: «Docta, iko na miaka saba tu, na anafunga Ramadhani!» Akamusifu hata.

NILISEMA VILE, Berthe. Na kinywa changu.

Sasa mama mukwe anapiga simu, anacheka: «Alikula daku na sisi mbele ya alfajiri, wali sahani mbili.» Sahani mbili! Mimi niko mu siku zangu, sifungi, nililala tu.

Na docta alisema, mutoto akitapika mu usingizi ya dawa, chakula inaingia mu mapafu.

Nagonga mulango. Nagonga. Hakuna mwenye anafungua.

Berthe, kule ndani kuko mutu anakohoa. Iko kikohozi ya mutoto.