Kompyuta ya Mwalimu Mutiso

Mwende mjukuu wangu, sasa? Huku Uthiru tuko wazima, na goti la babu yako limepata nafuu. Umeniuliza kama ile kompyuta yako kuukuu tuitupe.

Nikiwa bado karani mjini, nyumbani tulikuwa na moja ya zamani, isiyofanya chochote ila kuandika. Jirani yetu, Mwalimu Mutiso, alikuwa amepata kiharusi, hawezi kusema wala kuinua mkono wa kulia. Wageni walimwongelea mbele yake kama hayupo. Siku moja nikampelekea ile kompyuta. Kwa kidole cha kushoto alibonyeza herufi moja moja, mkewe Rael akisoma kwa sauti: “Rael, mimi nasikia yote.”

Rael aliketi akalia. Kisha akamuuliza, “Na nini kingine umeshindwa kuniambia?”

Akaandika: “Chai yako haina sukari.”

Walicheka mpaka nikatoka, niwaachie nafasi. Tangu hapo, kila aliyeingia alimsalimia Mwalimu kwanza, kisha akangoja jibu.

Yako nimeiwasha leo, bado inaandika. Usiitupe, mama. Niachie.

Ni mimi nyanyako, ninayekutaja kila asubuhi nikiomba.